Umeme wa bandani si wa kuvuta dirishani: panga kabla hujanunua mashine



Leo sitaongelea mbolea wala chulebuni. Nitaongelea waya. Najua wapo watakaosema, "Afisa ugani na umeme wapi na wapi?" Nao wana haki ya kuuliza. Stashahada yangu ni ya kilimo, sina leseni ya umeme, na katika makala hii sikufundishi kufunga waya hata mmoja. Nakufundisha kupanga. Kufunga ni kazi ya fundi, lakini kupanga ni kazi yako wewe mwenye banda. Ukimwachia fundi kazi hiyo, atapanga kulingana na waya aliobakiza kwenye begi lake.

Nimeamua kuandika kwa sababu nimechoka. Kila kijiji ninachopita, kuanzia milima ya Litembo na Maguu mpaka ufukweni Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, nakuta kitu kilekile. Nyumba imeungwa umeme vizuri, mita ya LUKU ipo ukutani, na kupitia dirisha la jikoni unatoka waya mwembamba. Unapita juu ya mgomba, unalala juu ya bati, unazungushwa kwenye mti wa mparachichi, halafu unaingia bandani. Huko bandani kuna mashine ya kumenya kahawa, au ya kukatakata majani ya ng'ombe, au balbu za vifaranga, au friza la samaki, au gereji ya kijana wa bodaboda. Ukiuliza, unaambiwa, "Tumevuta tu kwa muda." Ukirudi baada ya misimu miwili, waya uko palepale.

Nasema wazi: kuvuta waya namna hiyo si kubana matumizi, ni hasara ambayo bado haijafika. Na sisi tunaojiita wataalamu tumechangia.

Kosa langu mwenyewe

Nianze na langu, ili usione nakunyooshea kidole wewe peke yako.

Msimu mmoja nilishauri kikundi cha wakulima kununua mashine ya kumenya kahawa inayotumia mota ya umeme, badala ya ile ya kuzungusha kwa mkono. Niliandika andiko zuri. Nilipima banda lao: mwelekeo wa maji, mahali pa vichanja, shimo la maganda. Kitu kimoja sikupima, ni umbali wa banda kutoka kwenye nyumba yenye umeme. Zilikuwa kama mita 60. Nilidhani hilo ni la fundi. Fundi naye alidhani hilo ni la mtaalamu. Akavuta waya wa balbu, ule wa 1.5, akapokea hela yake, akaondoka.

Siku ya kwanza mashine ilianza kwa kusuasua. Siku ya pili, mwezi wa saba, kahawa imeiva kwelikweli na watu wameleta mavuno yao, mota ilinguruma bila kuzunguka, ikatoa moshi, ikafa. Usiku huo tulimenya kwa mkono mpaka mikono ikavimba. Hatukumaliza. Unajua mwenyewe kahawa mbivu haingoji: isipomenywa siku hiyohiyo iliyochumwa, inaanza kuchachuka kwenye gunia, na harufu ile haitoki tena hata ukiosha kwa maji ya mto mzima. Watu walipalilia mwaka mzima wakapoteza daraja kwa usiku mmoja.

Lakini hilo si ndilo linaloninyima usingizi. Kabla mota haijafa, mama mmoja wa kikundi, miguu peku, sakafu imelowa, alishika fremu ya mashine ili asogeze ndoo. Umeme ukamrusha. Alianguka upande wa nje, mkono ukaachia. Angeangukia upande wa ndani, mwezi ule ningekuwa naandika taarifa ya msiba badala ya taarifa ya mavuno. Aliponishukuru kwa kumpeleka zahanati, nilishindwa kumtazama usoni.

Baada ya hapo nilikaa na fundi mwenye leseni, nikamwuliza maswali ya kijinga mpaka akanielewesha. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwa nini mota ilikufa

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Lakini volti hizo ni za pale kwenye mita. Kadiri unavyosafiri kwenye waya, nyingine zinapotelea njiani, kama maji yanavyopungua nguvu kwenye mpira mrefu na mwembamba. Waya wa shaba wa 1.5 hupoteza kama volti 0.029 kwa kila mita moja ya umbali na kwa kila ampea moja inayopita.

Sasa tupige hesabu ya banda lile. Mota ya nguvu za farasi 2, ya njia moja, hula kama ampea 10 ikiwa inazunguka. Umbali mita 60. Zidisha: 0.029 mara 60 mara 10. Jibu ni volti 17. Hapo mashine inazunguka, ila kwa uchovu.

Tatizo kubwa ni pale inapoanza. Mota inapowashwa huvuta umeme mara tano au zaidi ya kawaida, kwa muda mfupi. Kwa waya ule mwembamba, volti zinazofika kwenye mota wakati huo hushuka mpaka karibu 167, na nguvu yake ya kuanzia inabaki kama nusu. Mashine ikiwa tayari imejaa kahawa, nusu hiyo haitoshi kuisukuma. Mota inanguruma, inaendelea kuvuta umeme mwingi, inapata moto, koili zinaungua. Muuzaji anasema mkulima hajui kutumia mashine. Mkulima anasema mashine ni feki. Kumbe waya ndio mbaya.

Umbali uleule, mota ileile, ukiweka waya wa 6, wakati wa kuanza volti zinabaki karibu 210, na mashine inaondoka vizuri. Tofauti ni unene wa waya tu, kitu ambacho kingeamuliwa kwa dakika tano na karatasi moja, kabla ya kununua chochote.

Kwa nini mama alirushwa

Waya uliovutwa ulikuwa na nyuzi mbili tu. Wa tatu, ule wa kijani na njano ambao mafundi wanauita ethi, haukuwepo. Kazi ya waya huu ni kuupeleka ardhini umeme unaovujia kwenye chuma cha mashine. Usipokuwepo, chuma kinakaa na umeme kikimsubiri mtu wa kuugeuza njia. Mtu huyo ni wewe, au mkeo, au mtoto aliyetumwa kuleta ndoo.

"Lakini breka ipo!" utaniambia. Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, hailindi mtu. Breka ya ampea 20 inangoja umeme uzidi ampea 20. Umeme wa kuua mtu ni mdogo mno: ule unaowasha balbu ya wati 10 unatosha kukusimamisha moyo. Kwa breka hiyo ni kama hakuna kilichotokea.

Kinachomlinda mtu ni kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD. Wa zamani wanakiita ELCB. Chukua cha milliampea 30. Kikihisi umeme unatoka na haurudi, kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kina kitufe chenye herufi T. Ukikibonyeza, kinapaswa kukata palepale. Kibonyeze kila mwezi. Kisipokata, ita fundi kabla hujawasha tena. Banda lolote lenye sakafu ya maji, yaani la kahawa, la maziwa, la samaki, la kuku, lisiwashwe bila kifaa hiki. Sitaki mjadala hapo.

Watakaokubishia

Nawajua, kwa sababu wananibishia kila siku.

*"Tumetumia miaka mitatu na hakuna aliyekufa."* Waya wa ndani ya nyumba umetengenezwa kukaa kwenye bomba ukutani. Ukiuanika juani, ganda lake linakauka na kupasuka. Ukiulaza juu ya bati, upepo wa ziwani unausugua mchana na usiku. Miaka mitatu haikuthibitishi kwamba uko salama. Inakuonyesha kwamba ganda limebaki jembamba. Siku likiisha, bati zima la banda linakuwa na umeme, na mvua ya mwezi wa kwanza haijali nani ameshika mlango.

*"Fundi wangu ni mtoto wa hapahapa, hahitaji karatasi."* Nampenda mtoto wa hapahapa, na kazi apewe. Lakini mwulize: una leseni ya EWURA? Kama hana, afanye kazi chini ya aliye nayo, na mwenye leseni aje kukagua na kupima kabla hujalipa. Anayekasirika ukimwuliza leseni ni sawa na muuza dawa anayekasirika ukisoma tarehe kwenye chupa.

*"TANESCO wana mlolongo."* Ndiyo, kuna fomu, kuna mchoro, kuna kupimiwa, kuna makadirio. Ndiyo maana maombi hayapelekwi mwezi wa sita kahawa ikiwa imeanza kuwa nyekundu. Yapeleke malipo ya kahawa yakishaingia, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ukiwa na hela mkononi na miezi mingi mbele yako.

*"Mkulima mdogo hana uwezo huo."* Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu wanaolisema mara nyingi ni sisi wa maofisini na wauzaji wa mashine. Mkulima huyohuyo tunamwambia ana uwezo wa kununua mota. Tunamwambia ana uwezo wa kujenga banda la matofali. Tukifika kwenye waya, ghafla ni maskini. Mkulima mdogo ndiye hasa asiyeweza kununua mota mara mbili. Tajiri ikiungua anaagiza nyingine Songea kesho yake. Wewe ikiungua, msimu umekwisha. Kwa hiyo usikubali mtu akuuzie umaskini wako kama sababu ya kukufungia kazi mbovu.

Panga hivi, kwa karatasi na kalamu

Chukua daftari. Kazi hii inamaliza jioni moja.

1. Chora kiwanja chako. Weka nyumba, mita, banda, choo, njia ya gari, bustani. Hesabu hatua kutoka kwenye mita mpaka bandani, ukifuata njia atakayopita waya, siyo njia anayoruka kunguru. Bora zaidi, pima kwa futikamba.

2. Orodhesha kila kitakachotumia umeme bandani. Wati zake zimeandikwa kwenye kibati cha mashine. Weka alama kwenye vitu vitakavyowaka kwa pamoja. Balbu nne za vifaranga za wati 100 hazifiki hata ampea 2. Mota ya kumenya ni jambo jingine kabisa. Kisha jiulize: baada ya miaka mitano nitaongeza nini? Kuzika waya mnene mara moja ni nafuu kuliko kufukua mara mbili.

3. Uliza kama umeme uliopo unatosha. Mashine ya kusaga au kukoboa ya nguvu za farasi 10 inataka njia tatu. Nenda ofisi ya TANESCO na uulize, *kabla ya kulipia mashine*, kama laini iliyofika kwenu ni ya njia tatu au ya njia moja. Kuna vijiji laini iliyofika ni ya njia moja tu. Nimeona mashine mpya ikiwa imefunikwa turubai, mwenye nayo akisubiri nguzo, huku kuku wakitagia ndani yake.

4. Kama nyumba yako imeungwa kwa UMETA, elewa kifaa hicho. Kilitengenezwa kwa nyumba ndogo isiyofanyiwa wayaringi, kwa balbu na soketi chache. Ni kitu kizuri kwa kazi yake. Kuchomeka mota ya bandani humo ni kumbebesha punda mzigo wa fuso.

5. Angalia kundi lako la bei. Wengi wetu tuko D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Mota yetu ile ya farasi 2 ikifanya kazi saa 5 kwa siku, inakula kama uniti 10. Siku nane tu, 75 zimekwisha. Ongea na TANESCO kuhusu kundi linalofaa biashara yako, na kama banda linahitaji mita yake. Weka gharama hiyo kwenye bei yako ya kumenya, usije ukashangaa faida imekwenda wapi.

6. Chagua njia ya waya. Chini ni bora kuliko juu. Tumia kebo yenye ganda la nyuzi za chuma, iliyotengenezwa kuzikwa. Mtaro uwe na kina cha sentimita 60 hivi, mchanga chini na juu ya kebo, halafu tofali au utepe wa tahadhari kabla ya kufukia, ili atakayechimba siku nyingine agonge tofali kwanza. Usiipitishe kwenye shamba la ngoro; mashimo yale huchimbwa upya, na jembe la Mmatengo halina utani. Pitisha pembeni ya njia, halafu chora kwenye daftari ilipopita. Kama ni lazima upite juu, ziwekwe nguzo imara zisizoliwa na mchwa, na pale fuso la kuchukua kahawa linapopita, waya usiwe chini ya mita 6. Mti hai si nguzo. Unakua, unayumba, unaanguka.

7. Banda liwe na boksi lake. Ndani yake swichi kuu ya kuzima banda zima, RCD, na breka tofauti kwa taa na kwa mashine. Likae pakavu, karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tano anajua: kikitokea kitu, zima hapa kwanza, usimguse aliyenaswa.

8. Ardhi ya banda. Mwambie fundi aweke rodi ya ardhi ya banda lenyewe, na *aipime kwa kifaa*. Kwa wenzangu wa ufukweni hili ni kubwa zaidi: mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, na rodi fupi iliyochomekwa mchangani ni pambo tu. Huenda ikabidi iende chini zaidi mpaka kwenye unyevu, au ziwe zaidi ya moja.

9. Kagua waya dukani. Kwangua ncha kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, na hesabu zote nilizokupa hazifanyi kazi. Tafuta alama ya ubora ya TBS na uombe risiti. Wewe mwenye duka unayesoma hapa, nakuomba kitu kimoja: mtu akikuomba "waya wa bandani mita 60", mwulize kwanza ni wa nini. Unawafahamu wateja wako kwa majina. Utakaa nao msibani.

10. Usilipe hela yote kabla ya majaribio. Mashine iwashwe ikiwa na mzigo, RCD ibonyezwe, rodi ipimwe, mbele yako. Ndipo umalize deni.

Na kwa wafuga vifaranga: RCD haizuii moto wa balbu kuangukia maranda. Taa ining'inizwe kwa mnyororo au waya wa chuma, siyo kwa waya wake wa umeme, na iwekewe kikapu cha nyavu.

Neno langu la mwisho

Gridi ya Taifa ilifika kwetu Ruvuma mwaka 2018 kwa njia ya Makambako mpaka Songea. Kabla ya hapo tulikuwa tunasikiliza majenereta ya dizeli na kuomba yasizimike. Tuliusubiri umeme huu miaka mingi, na sasa tunaupitisha dirishani kama mtu anayeiba. Hatujauiba. Ni wetu, tunaulipia kila tunapoingiza namba za LUKU. Tuupitishe mlangoni.

Kwa upande wangu, kuanzia msimu ule, sisaini andiko la kikundi chochote lenye mashine ya umeme kama halina mchoro wa banda, umbali, unene wa waya, na jina la fundi mwenye leseni. Wenzangu wengine wananiona mgumu. Sawa. Na wewe mkulima, afisa yeyote akija kukushauri mashine, hata kama ni mimi, mwulize swali moja kabla hajamaliza chai: "Na umeme wake utapita wapi?" Akikosa jibu, mwambie akalitafute. Mashine itamngoja dukani.

Yule mama bado ni mwanakikundi. Banda lao sasa lina kebo ya kuzikwa, boksi na rodi. Walichanga msimu uliofuata. Juzi nilipopita nilimkuta anabonyeza kile kitufe cha T, umeme ukakata, akawasha tena, akaendelea na kazi. Hakuniambia kitu, na mimi sikusema.

Kazi njema. Mwenye swali anitafute siku ya gulio, au aje ofisini na mchoro wake. Aje na mchoro, tafadhali.